Maswali ya Wasomaji: Je, Mbakaji ni Mtu Aliyeshindwa na Hasira?

SWALI: Mimi ni mlezi wa kikundi cha vijana wa kiume. Mgeni wetu alisema wabakaji ni watu walioshindwa kuzuia hisia, kwa hiyo tuwafundishe vijana kutuliza hasira, basi. Utafiti unakubaliana naye? – Mlezi, Kayole

JIBU: Kwa sehemu ndogo tu. Uhusiano kati ya ugumu wa kudhibiti hisia na dhuluma za kingono umeonekana katika tafiti kadhaa, ingawa nyingi zilifanywa kwa wafungwa na wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo. Tena uhusiano si chanzo: watu wengi wenye hisia kali hawajamdhulumu yeyote.

Kipimo cha ugumu huo kinachotumika sana ni cha wanasaikolojia Kim Gratz na Lizabeth Roemer, cha mwaka 2004, chenye maswali 36 katika mafungu sita. Je, mtu huzisikiliza hisia zake? Anajua ni zipi hasa? Anazikubali, au anajionea aibu kwa kuwa nazo? Akiudhika, anaweza kuendelea na shughuli zake, kujizuia asifanye jambo kwa pupa, na kupata njia ya kutulia? Kushindwa kujizuia, alikokusudia mgeni wenu, ni fungu moja tu.

Na wapo wasiopandwa na mori hata kidogo. Watafiti Tony Ward na Stephen Hudson walieleza mwaka 1998 kwamba baadhi ya wanaotenda makosa ya kingono hupanga kwa utulivu, wakachagua mtu, mahali na saa. Huyo hisia hazijamshinda. Nia yake ndiyo mbovu, na mazoezi ya kupumua hayatamgeuza. Wengine hutumia ngono kujiliwaza wakiwa wapweke au wamefedheheshwa. Watafiti Franca Cortoni na William Marshall waliliona hilo mwaka 2001 kwa waliofungwa kwa makosa ya kingono, zaidi kuliko kwa wafungwa wengine.

Halafu kuna imani. Kijana anayeamini kwamba akimtumia msichana nauli kwa M-Pesa amelipia pia mwili wa msichana huyo, ukimtuliza hasira utabaki na kijana mtulivu mwenye imani ile ile. Ndiyo maana somo la hisia lisitengwe na somo la idhini. Wape kisa: nauli imetumwa, msichana hakuja, marafiki wanacheka. Kila mmoja ataje anachohisi, na mzunguko wa kwanza neno "hasira" liwe marufuku. Zitatoka aibu, wivu, hofu ya kudharauliwa. Kisha someni kifungu cha 42 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya 2006: idhini ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Mwishowe wajizoeze kumkatiza rafiki anayesema "mfuate kwao".

SWALI: Nikikataliwa napandwa na hasira hadi naogopa nitakalofanya. Nifanyeje? – Msomaji wa kiume, Umoja

JIBU: Umefanya vyema kuuliza kabla ya kumdhuru mtu. Kwanza ondoka hapo alipo, na simu uizime ili usimtumie ujumbe. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, kwa dakika tano hivi. Watu wengi hukwama hapa: wanapumua huku wakirudia tusi kichwani, na hasira inazidi. Kupiga mto au ukuta pia hakusaidii. Jaribio la mwanasaikolojia Brad Bushman la 2002 lilionyesha kwamba waliopiga gunia wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi. Elekeza mawazo kwingine, hesabu matatu yanayopita ukitaka. Pombe usiiguse.

Ukishatulia, jiambie ukweli: amekataa jambo, na ni haki yake, hadaiwi kitu.

Lakini ikiwa unawaza kumlazimisha mtu, usingoje itulie yenyewe. Nenda kliniki ya afya ya akili leo, ukaseme kwa maneno hayo hayo: "Naogopa nitamlazimisha mtu." Ukisema tu "nina stresi", huenda ukapewa dawa ya usingizi na kurudishwa nyumbani.