Weka chakula ndani kabla mambo hayajachacha

Kenya itapiga kura Agosti 10, 2027. Wiki ya mwisho ya Julai najua supamaketi za Nairobi zitakavyokuwa, maana nimeziona kabla ya kura za 2013, 2017 na 2022: foleni hadi mlangoni, toroli zimelemewa na mafuta ya kupikia, sukari na marobota ya unga. Wa nyuma anachukua kwa sababu amemwona wa mbele akichukua. Naandika mapema, watu wakiwa bado wametulia, kwa sababu ukishafika kwenye foleni ile ushauri wangu hautakufaa kitu.

Sina ugomvi na mtu anayejaza kabati lake. Hata langu huwa limejaa. Ninachokipinga ni kununua kwa hofu, na kwangu mimi kinachotenganisha mambo haya mawili ni siku uliyonunua. Ukinunua gorogoro tano za maharagwe (kopo la kupimia la kilo mbili hivi) soko likiwa limefurika, hujamnyima mtu. Ukizinunua jioni ya tangazo baya, rafu zikiisha mbele ya macho yako, umezitoa kwenye sufuria ya mtu.

Mtu huyo namfahamu, tunaishi ploti moja. Anafua nguo za watu, au anabeba mawe kwenye mjengo. Analipwa jioni na ananunua jioni: unga wa kupima nusu kilo, mafuta ya shilingi ishirini, kitunguu kimoja na nyanya mbili. Hana namna ya kununua chakula cha wiki mbili kwa mkupuo, kwa sababu hajawahi kushika pesa ya wiki mbili kwa mkupuo. Wenye toroli wakimaliza duka saa sita mchana, yeye anafika saa kumi na mbili na kuambiwa unga umeisha, au upo lakini bei imepanda. Watoto wake wanalala njaa siku ambayo hakuna uhaba wowote wa unga nchini. Unga uko kwenye vyumba vya kulala vya watu wengine.

Machi 2020 ilinionyesha jambo hili waziwazi. Ijumaa ya tarehe 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, na watu wakamiminika madukani. Walibeba sanitaiza na karatasi za choo kwanza, ilhali sabuni ya kipande ilikuwa imejaa kila kioski na inaua kirusi kile vizuri kabisa. Bei ya sanitaiza ilipandishwa kiasi kwamba Mamlaka ya Ushindani iliagiza duka moja kubwa litafute wateja wake na kuwarudishia pesa waliyotozwa zaidi. Machi 27 tukaanza kafyu, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Lakini mchana maduka ya vyakula yalifunguliwa, na mama mboga aliendelea kuuza sukuma wiki. Kilichoyeyuka katika nyumba nyingi kilikuwa mapato: hoteli zimefungwa, mjengo umesimama, hakuna anayemwita mtu kufua. Aliyemaliza pesa zake zote kwa karatasi za choo mwezi Machi, Mei alikuwa anatafuta pesa ya kodi.

Zipo pia nyakati ambapo chakula chenyewe hakifiki, na hapo nazungumza kwa niliyoyaona Kisumu. Nilikuwa nikiishi huko matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 30, 2007. Maduka makubwa ya mjini yaliporwa na mengine yakachomwa. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo. Reli iling'olewa Kibera, Nairobi, malori ya mafuta yakakwama, na athari zake zikafika Kampala na Kigali, petroli ikawa adimu kwa watu ambao hawakuwa na kura katika uchaguzi wetu. Mtu aliweza kuwa na noti mfukoni na asipate cha kununua.

Katika boma letu, nyumba iliyokula vizuri kuliko zote haikuwa ya mwenye mshahara mkubwa. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama wa makamo ambaye miaka yote alikuwa na desturi zake za shambani. Kwenye kona ya jikoni alikuwa na debe la maharagwe aliyoyachanganya na majivu makavu yaliyochekechwa, ili fukusi wasiyaguse. Alikuwa na omena zilizokauka kwenye kopo lenye kifuniko, na chumvi ya kutosha. Hakukimbilia popote siku ile, na kwa sababu hakukimbilia, alikuwa na nafasi ya kutufikiria sisi wengine. Alitoa chumvi, akapewa makaa. Alitoa maharagwe, jirani akachota maji.

Nilizingatia sana vitu vilivyoanza kukosekana, kwa sababu si vile ambavyo watu hujazia toroli. Chumvi. Kiberiti. Mafuta ya taa. Pedi. Maziwa ya mtoto mchanga. Dawa za presha za wazee wawili pale jirani. Kadi za simu ziliuzwa zaidi ya bei iliyoandikwa, na usipokuwa na salio hukuweza hata kuuliza kama ndugu zako wako hai. Tangu wakati huo, nikiona mtu anabeba katoni za soda kwa sababu ya uchaguzi, natamani nimshike mkono nimwulize: dawa za mama umechukua?

Sasa, namna ya kufanya. Mimi nakadiria wiki mbili. Mwezi mzima ni mzigo kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili, na chakula huharibika kabla hakijaliwa. Siku tatu hazitoshi barabara zikifungwa. Kadiria kwa kile mnachokula kweli. Familia ya watu watano inayosonga ugali kila jioni humaliza paketi ya kilo mbili kwa siku mbili au tatu, basi wiki mbili ni paketi tano hadi saba. Usinunue zote leo. Kila ukienda dukani kama kawaida, ongeza kitu kimoja: paketi moja ya unga mara hii, kilo ya mchele mara ijayo, halafu chumvi. Baada ya miezi michache kabati limejaa na hakuna siku iliyokuumiza. Mpya weka nyuma, ya zamani vuta mbele na upike hiyo kwanza. Mimi huandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila paketi, kwa herufi kubwa, ili hata mtoto anayetumwa jikoni ajue aanze na ipi.

Msimu nao una maana. Mahindi hushuka bei mavuno ya Bonde la Ufa yakiingia sokoni, kuanzia Oktoba hivi hadi Januari. Uchaguzi wetu ni Agosti, wakati ghala nyingi zimekauka na unga uko juu. Mnakumbuka 2017, Serikali ilipolazimika kuleta unga wa ruzuku wa shilingi 90 kwa paketi ya kilo mbili, na maduka yakawawekea wateja kikomo cha idadi ya paketi. Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, ruzuku ikarudi kwa shilingi 100, baada ya bei kupita 200. Anayesubiri Julai kununua unga ananunua wakati mbaya kuliko wote.

Kuna jambo la uhifadhi ambalo naliomba mlichukulie kwa uzito. Unga uliosagwa na kiini chake, ule wa kisiagi cha mtaani, una mafuta ndani yake na huanza kuwa mchungu baada ya wiki chache. Wa kuweka muda mrefu ni ule uliokobolewa, wa paketi, na bado usome tarehe. Anayeweka mahindi ya nafaka ayakaushe hasa. Mwaka 2004, huko Ukambani, mashariki mwa Kenya, sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu iliwadhuru watu 317, na 125 kati yao wakafa. Haionekani kila mara kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kuna kipimo ambacho wakulima hukitumia: chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo na kiganja cha mahindi, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye glasi, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani. Yakishakauka, mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafaa sana, kwa sababu wadudu wanakosa pumzi humo ndani bila dawa yoyote. Maharagwe nayo yasikae miaka. Yakizeeka yanakuwa magumu na kula makaa au gesi yako yote.

Kwa gesi, ukimudu mtungi mdogo wa pili, uwe nao ukiwa umejaa. Petroli usiiweke ndani kwa jeriken, hata kama tunakumbuka foleni za Aprili 2022. Mvuke wake unatosha kuwaka kwa mshumaa tu. Na jiko la makaa lisilale ndani milango ikiwa imefungwa kwa kuogopa vurugu nje. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Maji huwa hayanunuliwi kwa hofu, nami nadhani ndiyo yangetangulia. Kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu watano kwa siku tatu ni lita 225, yaani jeriken kumi na moja au kumi na mbili za lita 20. Wakazi wengi wa Nairobi tayari wana madramu kwa ajili ya mgao. Kazi iliyobaki ni kuyafunika vizuri, kuyabadilisha mara kwa mara, na kuwa na dawa ya klorini ya kutibu ya kunywa. Kwa dawa za hospitali, mweleze daktari au mfamasia mapema kwamba unataka za mwezi wa ziada, usingoje kidonge cha mwisho. Pesa taslimu iwepo kidogo, noti ndogondogo, kwa sababu wakala akikosa floti au mtandao ukipotea, mwenye kioski hana chenji ya elfu moja.

Na kama haya yamekukuta huna kitu, tangazo limetoka na WhatsApp imewaka moto? Kwanza uliza: barabara zimefungwa, au ni maneno tu? Kisha nunua cha wiki moja, si zaidi. Nenda duka la mtaa asubuhi, usiende kugombania supamaketi usiku. Anza na chumvi, maharagwe, unga, mafuta na dawa. Chochote ambacho hukuwa ukila mwezi uliopita kiache pale kilipo.

Wenye maduka, wekeni kikomo siku hiyohiyo bila kungoja kuambiwa. Paketi mbili kwa mteja zinatosha, na yule anayekuja jioni mwekeeni fungu lake chini ya kaunta. Ni mteja wenu wa kila siku, na ndiye atakayerudi baada ya wenye toroli kukaa miezi bila kununua unga kwa sababu makabati yao yamejaa.

Kwa wanaosema hawana pesa ya kuongeza hata paketi moja, nimeona njia inayowezekana: chama cha kuchangiana. Wanawake wa ploti yetu, wakiwemo wale wanaolipwa kwa siku, huchanga kidogo kila wiki, na mavuno yakiingia mmoja wetu huenda sokoni kununua gunia zima la maharagwe kwa bei ya jumla. Tunaligawa kwa gorogoro, kila mmoja sawasawa na mchango wake, na gorogoro chache zinabaki kwenye ndoo yenye kifuniko kwa mweka hazina. Hizo ni za nyumba itakayokwama. Hatuulizi maswali mengi zinapohitajika. Mwezi huu tunaanza kuchanga kwa ajili ya Agosti ile, na kitu cha kwanza kwenye orodha ni chumvi.