Picha za WordPress: kivinjari huamini unachokiambia

Wewe unayeanza kutengeneza themu za WordPress, elewa hili mapema: kivinjari huchagua faili la picha la kupakua kabla hakijajua mpangilio wa ukurasa wako. Hakisubiri CSS. Kinasoma `srcset`, yaani orodha ya mafaili na upana wa kila moja, kisha `sizes`, yaani kauli yako kuhusu nafasi ambayo picha itachukua kwenye skrini. Kauli ikiwa si sahihi, anayelipa ni mtu wa simu, kwa bando lake.

WordPress huandika vyote viwili yenyewe tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015, na wengi huishia hapo. Lakini haijui themu yako. Inachojua ni upana wa faili, basi inaandika kauli ya jumla: skrini ikiwa nyembamba kuliko picha, picha itajaza skrini nzima.

Mimi nilifundishwa na tovuti ya duka la vitenge. Kwenye simu, bidhaa zilipangwa mbili mbili. Nikasajili saizi mpya kwa `add_image_size('kadi', 400)`, nikaiita kwenye kiolezo, nikaona nimemaliza. Nilipofungua kwenye simu ya upana wa 360 yenye msongamano wa pikseli wa 2, yaani pikseli mbili halisi kwa kila moja ya upana huo, faili lililoshuka lilikuwa la 768! Kivinjari hakikukosea. Kiliambiwa picha itajaza upana wote, kikazidisha 360 kwa 2, kikapata 720, kikachukua faili linalotosha. Kumbe kila kadi ilikuwa na nafasi isiyozidi 180, na lile la 400 lilitosha kabisa. Na 768 dhidi ya 400 si mara mbili tu: ukihesabu pikseli zote ni zaidi ya mara tatu na nusu, kwa kila kitenge kilichokuwa kwenye ukurasa.

Nikakimbilia filta ya `wp_calculate_image_sizes`, yaani mlango wa kubadilisha thamani ya `sizes` kabla WordPress haijaiandika, nikaandika sharti la jina 'kadi'. Hakuna kilichobadilika. Jioni nzima ikaisha ndipo nikachapisha thamani iliyokuwa ikiingia: kwa picha za kiolezo, filta hiyo hupokea upana na urefu, si jina la saizi. Jina hulipata kwenye filta nyingine:

```php
add_filter('wp_get_attachment_image_attributes',
  function ($sifa, $picha, $saizi) {
    if ($saizi === 'kadi') {
      $sifa['sizes'] = '(max-width: 600px) 50vw, 280px';
    }
    return $sifa;
  }, 10, 3);
```

`50vw` ni nusu ya upana wa skrini. Ile 3 ya mwisho usiisahau. Bila hiyo WordPress hupitisha kitu kimoja tu, na fanksheni inayotaka vitatu italeta kosa. `return` nayo iwe nje ya sharti, la sivyo utaharibu picha ambazo hata hukuzikusudia.

Na ile 280 imetoka wapi? Niliipima. Fungua zana za kivinjari, punguza dirisha polepole, na kila mpangilio unapobadilika andika upana wa picha kwenye karatasi. Kazi hii inachosha, ila ndiyo kazi yenyewe; msimbo ni mistari michache tu.

Saizi mpya haizigusi picha zilizokwisha pakiwa, kwa hiyo zitengeneze upya kwa amri ya WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi: `wp media regenerate`. Saizi uliyoikata kwa uwiano tofauti na picha ya awali haitaingia kwenye `srcset` moja na saizi nyingine. Toleo la 6.7 la mwaka 2024 liliongeza `auto` kwenye `sizes`, yaani kivinjari kipime nafasi chenyewe, ila ni kwa picha zinazocheleweshwa kupakuliwa; ile kubwa ya juu ya ukurasa bado inakutegemea wewe.

Ukishamaliza, ikague picha kwa `currentSrc`, sifa inayotaja faili ambalo kivinjari kimelichagua, kwenye dirisha la faragha. Kivinjari kikiwa na faili kubwa kwenye akiba yake kinaweza kuendelea kulitumia hilo hilo, ukadhani filta yako haifanyi kazi.