Barua kwa mwanangu: tembo weupe wa Ayutthaya

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Unasema mwongoza watalii huko Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Wathai, amekwambia mji ule uliwahi kupigwa vita kwa sababu ya tembo weupe wawili, nawe unauliza: kweli mfalme anaweza kumwaga damu za watu kwa ajili ya mnyama?

Tembo walidaiwa, hilo ni kweli. Mwaka 1563 Bayinnaung, mfalme wa Burma aliyekaa Pegu, alimtaka Maha Chakkraphat wa Ayutthaya ampe wawili. Kwa Wabuddha wa pande zile, tembo mweupe hujitokeza zama za mfalme mwadilifu. Si weupe kama maziwa: ngozi yao ina wekundu hafifu, na kucha zimepauka. Basi kumpa mwenzio ni kukiri kwamba yeye ndiye mkubwa wako, na kumnyima ni kumtafuta ubaya. Bayinnaung alijua jibu lolote lingemfaa. Chakkraphat alikataa, na mapema 1564 mji ukasalimu amri. Wakatoka tembo wanne badala ya wawili, pamoja na Ramesuan, mwana wa mfalme, akiwa mateka.

Lakini mwanangu, angalia na vingine alivyochukua Bayinnaung. Alichukua ushuru wa Mergui, bandari iliyopokea bidhaa za India. Zaidi ya yote alitaka watu. Nchi zile ardhi ilikuwa tele na watu wachache, na mfalme asiye na watu hana wa kulima mpunga wala wa kushika mkuki. Ndiyo maana Ayutthaya ilipotekwa tena mwaka 1569, watu wake kwa maelfu walihamishiwa Pegu. (Magofu uliyoyaona wewe ni ya vita ya baadaye, ya 1767, Waburma walipouchoma mji.)

Kinachoniuma mimi ni habari ya watoto. Naresuan, mwana wa mtawala wa Phitsanulok, mji wa Wathai ulio kaskazini, alipelekwa Pegu akiwa na miaka kama 9. Akakulia kwa Bayinnaung, akajifunza vita mikononi mwa waliomteka. Husimuliwa kwamba aliporudishwa, karibu na 1571, dada yake Suphankanlaya ndiye aliyepelekwa badala yake. Mwaka 1584 Naresuan akakataa utii kwa Burma. Januari 1593, pale Nong Sarai, alikutana na Mingyi Swa, mrithi wa kiti cha Burma, kila mmoja juu ya tembo wake: mpiganaji shingoni, msaidizi katikati, mwendeshaji nyuma. Mingyi Swa alifia hapo. Wathai husema Naresuan alimkata. Waburma huandika kwamba alipigwa risasi. Thailand hadi leo huadhimisha Januari 18 kama siku ya majeshi yake.

Na siku Burma ikitulia, fika hekalu la Mahamuni, Mandalay. Zipo sanamu za shaba ambazo watu wa Ayutthaya walizipora Angkor, mji mkuu wa zamani wa Wakhmer wa Kambodia, mwaka 1431, Bayinnaung akazipora kwao, Waarakan, watu wa ufalme wa pwani ya magharibi, wakazipora Pegu, na mwaka 1784 mfalme Bodawpaya wa Burma akazipora Arakan. Anayeumwa goti husugua goti la sanamu, anayeumwa tumbo husugua tumbo.

Ukipita Phitsanulok, uliza wanasimulia nini juu ya huyo dada, uniandikie.

Akupendaye,
Baba yako