Dripu ya maji na chumvi

SWALI: Dada yangu alitundikiwa dripu imeandikwa isotoniki, nesi akasema ni maji na chumvi tu. Sasa si wangeweka maji safi yakaisha?

JIBU: Weee, thubutu! Isotoniki maana yake mkazo sawa, yaani hiyo dripu inavuta maji sawasawa na damu, ndo maana wanaweka chumvi gramu 9 kwa lita, seli nyekundu zinabaki vilevile, lakini maji matupu yakiingia kwenye mshipa yanazama ndani ya seli zinavimba mpaka zinapasuka, na chumvi ikizidi sana zinanywea. Dawa nyingi za matone ya macho nazo zinapimwa hivyohivyo zisiwashe. Ila watu wa jimu wakikwambia mazoezi ya isotoniki hapo ni habari nyingine kabisa, ni msuli kujikunja na kukunjuka ukinyanyua dambeli.