Maswali ya Baiskeli: Kuizunguka Masingini, Vilima vya Pemba na Pancha Zisizokwisha

SWALI: Assalamu aleikum. Wenzetu wa nchi za milima nawaona kwenye picha wakiendesha baiskeli kulizunguka bwawa la juu mlimani, lami safi, msitu upande mmoja. Unguja hatuna mlima wala bwawa. Mtu wa Mjini mwenye masaa mawili tu asubuhi apite wapi? – Msomaji, Kikwajuni

JIBU: Waaleikum salaam. Bwawa hatuna, lakini msitu unaotutunzia maji tunao. Mgongo wa Masingini, ulio karibu mita 120 juu ya usawa wa bahari, ni katika sehemu za juu kabisa za Unguja. Mvua ya huko hunywea ardhini, kisha maji hutoka chini kwenye chemchem. Maji ya chemchem za upande wa Bububu ndiyo aliyoyavuta Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, yakafika Mjini kwa mabomba. Basi uzunguke huo msitu: Mjini, Mtoni, Bububu, Kidichi, Kizimbani, Dole, Welezo, Amani, urudi Mjini. Ni kama kilomita 30, na masaa mawili yanatosha bila ya kukimbizana na mtu.

Uanzie Bububu, usianzie Welezo. Ukitoka saa 12 asubuhi, gari nyingi zinaingia Mjini na wewe unatoka, kwa hiyo upande wako una nafasi. Pia mpando wa Kidichi utaupanda, hutaushuka. Wanaokwenda kinyume huteremka kwa kasi na kuishia kwenye njia panda ya Bububu, penye daladala zinazosimama ghafla. Hapo breki hujaribiwa pabaya. Tabu ya njia yetu ni moja tu, ile kona ya kulia ya kuingia Kidichi, maana unakata mbele ya gari zinazokuja. Usiikate ukiwa mwendoni. Simama kushoto, tazama pande zote mbili, kisha vuka.

Punguza gia kabla ya kuanza kupanda. Wengi hungoja mpaka miguu imekwama, ndipo wanasukuma gia huku wamekaza pedeli. Cheni inagugumia, inaruka meno, wakati mwingine inakatika. Zikiwa zimebaki mita 20, hamisha gia huku unazungusha kwa wepesi. Ukifika juu, kutoka Dole hadi Welezo unashuka polepole, na hapo ndipo pa kupumzisha miguu.

Ramadhani mzunguko huu usiufanye saa 11 jioni. Kila dereva anawahi futari.

SWALI: Nataka kuimaliza Pemba kwa baiskeli, kutoka Mkoani mpaka Konde. Ramani inaonyesha kisiwa si kirefu na hakina mlima. Kwa nini waliokwenda wanarudi wamechoka hivyo? – Kijana wa Jang'ombe

JIBU: Kwa sababu ramani haionyeshi kupanda na kushuka. Vilima vya Pemba ni vifupi, lakini havina mwisho. Unashuka bondeni kwenye mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, hujavuta pumzi unashuka tena. Mtu aliyezoea barabara ya Paje, iliyo tambarare, anatumia nguvu zote kwenye vilima vitano vya mwanzo, na hakujua kwamba viko arubaini. Dawa yake ni kupanda kwa gia nyepesi, ukiwa umekaa, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kusema sentensi nzima, umezidisha.

Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, Chake hadi Wete kiasi hichohicho, Wete hadi Konde kama 15. Aliye mzoefu anaimaliza kwa siku moja. Wewe lala Chake, umalize siku ya pili.

Kabla ya yote utazame upepo. Kusi inavuma kutoka kusini baina ya Mei na Septemba, na kaskazi inatoka upande wa pili kuanzia Desemba mpaka Machi. Safari yako ya Mkoani kwenda Konde ni ya wakati wa kusi, maana upepo utakusukuma mgongoni. Wakati wa kaskazi igeuze: peleka baiskeli Konde kwa gari, kisha shuka nayo mpaka Mkoani. Mwenye kwenda na kurudi siku hiyohiyo aanze kwa kuukabili upepo asubuhi, ungali mdogo na miguu bado mipya. Watu hufanya kinyume kwa sababu mwanzo wenye upepo mgongoni ni mtamu, halafu saa 8 mchana wanalipia.

Ukishuka botini Mkoani, mji uko juu na bandari iko chini, kwa hiyo kilima cha kwanza kinakungoja mlangoni. Gia nyingi hazihami mpaka pedeli izunguke, basi inyanyue gurudumu la nyuma ukiwa bado bandarini, zungusha pedeli kwa mkono, na uweke gia nyepesi kabisa. Mtambile jaza maji. Kwa joto letu kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kila saa, na usingoje kiu.

Msimu wa karafuu mambo ni mengine. Majamvi yanatandazwa pembeni mwa lami, na gari zikiyakwepa zinakuja upande wako. Usipite juu ya jamvi hata ukiwa umebanwa. Ile ni kazi ya mtu ya wiki nzima, na makonyo, vile vijiti vya karafuu, chini ya tairi nyembamba huteleza. Baada ya mvua jihadhari na vibonde: maji yanaacha tope jekundu juu ya lami, mara nyingi kwenye kona ya chini, pale unapokuwa na kasi kubwa. Funga breki kabla ya kona, si ndani yake.

SWALI: Baiskeli yangu ni ile kubwa ya kawaida, haina gia. Nitaweza vilima vya Pemba au ninunue nyingine? – Msomaji, Mwera

JIBU: Usinunue. Badilisha friwili, lile duara la meno la gurudumu la nyuma. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma. Nyingi zina 48 mbele na 18 nyuma. Gawanya, utapata 2.67, yaani pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 2.67. Ukitia friwili ya meno 22 inashuka hadi 2.18. Mguu unapata nafuu karibu ya moja ya tano, na unachopoteza ni mwendo wa bondeni tu.

Mafundi wengi husahau cheni. Meno manne zaidi nyuma yanahitaji urefu wa kama inchi moja ya cheni, yaani pingili mbili, moja ya nje na moja ya ndani. Pengine utaupata kwa kusogeza gurudumu mbele. Ukifika mwisho wa nafasi na cheni bado imekaza kama waya wa nguo, ongeza hizo pingili, usilazimishe. Ikiwa sawa, katikati inacheza juu na chini kama sentimita moja na nusu.

Kwa mwenye baiskeli ya mashindano, 34 mbele na 34 nyuma zinatosha Pemba yote. Lakini mkono mfupi wa kile kifaa chenye viroda viwili cha kuhamisha cheni mara nyingi hauwezi meno 34. Baada ya kubadilisha, weka cheni kwenye meno makubwa mbele na makubwa nyuma, ukizungusha kwa mkono. Ikikaza mpaka mkono umenyooka wote, cheni ni fupi, na siku utakayokosea gia kilimani itaung'oa.

SWALI: Napata pancha kila wiki. Fundi anaziba, kesho tena. – Msomaji, Chake Chake

JIBU: Tundu lenyewe linasema limetoka wapi, ila watu huziba bila kulisikiliza. Kabla ya kuivua tyubu, tia alama kwenye tairi mkabala na mdomo wa kutilia upepo, ili ujue tundu linalingana na sehemu gani ya tairi.

Tundu moja upande wa nje ni mwiba, kigae au waya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa penye mwiba. Usipitishe kidole kitupu. Mwiba ukibaki ndani, hiyo pancha ya kesho umeshainunua leo. Matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka, yanasema upepo ulikuwa mdogo na ringi ikaibana tyubu kwenye shimo. Tundu likiwa upande wa ndani, ukanda unaofunika vichwa vya spoki umehama au umeoza.

Kiraka kinabanduka kwa sababu ya haraka. Kwangua kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uondoke, paka solusheni nyembamba, kisha ngoja dakika tatu hadi tano mpaka ikauke na isinate kwenye kidole. Ndipo ubandike na kukandamiza. Anayebandika ikiwa mbichi anaweka kiraka juu ya maji.

Kwa mtu wa kilo 70, tairi ya milimita 28 inataka upepo wa kama pauni 75 (PSI) nyuma na 70 mbele. Tairi ya inchi moja na nusu, 45 hadi 50. Usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kubonyeza kwa dole gumba hakusaidii: tairi nyembamba yenye pauni 50 huhisi ngumu kama yenye 80. Nunua kipimo.

SWALI: Baibui langu linaingia kwenye cheni. Nifanye nini? – Mama, Wete

JIBU: Bibie, funga boksi zima la cheni, si lile nusu, na neti kwenye nusu ya juu ya gurudumu la nyuma. Nguo ikishanaswa usivute: simama, shuka upande wa cheni, zungusha pedeli kinyumenyume polepole, nguo itatoka yenyewe.

SWALI: Baiskeli ikisafiri kwa boti inashika kutu. – Msomaji, Mkoani

JIBU: Ni rasharasha za chumvi. Ifunike kwa turubai, na ukifika ioshe kwa maji baridi yasiyo chumvi siku hiyohiyo, uifute, kisha tone moja la mafuta kila pingili ya cheni na kidogo penye vichwa vya spoki. Mafuta yasiguse ringi wala mipira ya breki. Ukivua pedeli ili zisiwachome wenzako, kumbuka ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kulia.