Tumbo ndilo linaloimba

Jana nimemtazama binti mmoja mwimbaji mazoezini akivuta gauni chini kila baada ya mstari, nikashindwa kunyamaza. Nyie wanangu waimbaji, kosa hilohilo la mavazi ya jukwaani mpaka lini?

1. Saundi cheki, yaani kujaribu sauti na mitambo kabla ya shoo, fanyeni na nguo ya shoo, viatu pamoja. Siyo fulana na kandambili.

2. Bangili zinazogonga maiki acheni nyumbani. Fundi mitambo hawezi kuufuta mlio wake, ataishia kuwachukia tu.

3. Tumbo. Hapa nina kidonda. Nilipoanza kuimba mbele nilikuwa nalo, na bado ninalo. Mwenzangu alikuwa mwembamba kama ufito, nikajiambia nikifanana naye ndipo watanisikiliza. Nikatafuta kibana kiuno cha kamba, nikafungwa kwa nguvu mpaka nikaona nyota. Kwenye kioo, malkia! Wimbo wa kwanza ulipita kwa kuwa ni wa sauti ya chini. Wa pili una ile noti ndefu kabla ya kiitikio. Nikavuta pumzi, ikaishia kifuani. Mbavu zimefungwa, tumbo halina pa kutanukia. Noti ikakatika katikati. Waitikiaji, Mungu awabariki, wakaidaka. Nikatabasamu kana kwamba tulipanga, nikageuka kwa madaha, na kile kiboksi cha maiki, ambacho hakikuwa na mkanda wa kukishika, kikachomoka mgongoni kikaning'inia kwa waya kama mkia. Watu walicheka, jamani. Nyuma ya jukwaa mpiga besi alinikata zile kamba kwa kisu cha nyaya, mimi nalia, yeye anajizuia kucheka. Nililificha tumbo, kumbe ndilo lililokuwa linaniimbia.

Msidhani nachukia mapambo. Elton John, yule mwimbaji Mwingereza, mwaka 1975 alipanda jukwaa la Dodger Stadium, uwanja wa besiboli wa Los Angeles, na sare ya besiboli iliyojaa vimetameta, na ilimkaa. Cesária Évora wa Cabo Verde aliimba pekupeku, hata albamu yake ya 1988 ikabeba jina la miguu hiyo mitupu. Ila msinijie wote kesho bila viatu. Jukwaani kuna misumari.

4. Satini ya rangi nyepesi huonyesha jasho lote.

5. Binti wa jana nimemwambia aje na lile gauni pana analovaa siku za kawaida. Kasema eti linamnenepesha. Nikamjibu aimbe nalo kwanza, halafu tugombane. Saundi cheki ni saa kumi, namngoja.