Mzee anauguzwa, kadi ya pensheni iko kwa nani?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa familia za wastaafu, na karibu zote zinauliza jambo moja: mzee analala kitandani, gharama zinapanda, haki yake inapatikana wapi? Nimezifupisha na kuondoa majina.

Kwanza jueni anayemlipa mzee wenu ni nani. Mwanajeshi mstaafu wa JWTZ analipwa na Hazina. Mtumishi wa umma aliyekuwa akichangia yuko PSSSF, mfuko ulioanza Agosti 2018 baada ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa. Wa sekta binafsi yuko NSSF. Watu wanapoteza nauli kutoka Kondoa na Mpwapwa kuja Dodoma mjini kupanga foleni kwenye ofisi isiyowahusu, wakati kila mkoa una Hazina Ndogo yake.

*Shikamoo. Baba ni sajini mstaafu, amepooza upande mmoja. Namuuguza mimi hapa Chang'ombe, lakini kadi yake ya benki na namba ya siri anazo kaka yangu wa Area C. Hela ya pampasi naiomba kama omba omba. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Hiyo pensheni si ya kaka yako, wala si yako. Ni ya baba, na kazi yake ya kwanza sasa ni kumtunza baba.

Kabla ya ugomvi, nunua daftari. Andika kila kinachotoka: pakiti za pampasi, dawa za presha, bajaji ya kwenda hospitali ya Jenerali na kurudi, sabuni, maziwa, na yule kijana unayemlipa aje kukusaidia kumgeuza na kumwogesha. Bandika risiti. Fanya hivyo kwa miezi miwili, kisha itisha kikao, awepo shangazi au baba mdogo ambaye kaka anamheshimu. Mtu anayebisha maneno yako hupata shida kubishana na ukurasa wenye tarehe. Na uandike pia usiku unaolala macho, hata kama hauna risiti. Ndugu wengi wanadhani kuuguza ni kukaa tu na mgonjwa.

Kaka akikataa, angalia kichwa cha baba. Kama anaelewa, anaongea au hata anaitikia kwa kichwa na kujua anachokubali, mambo ni mepesi: anaweza kubadilisha namba ya siri au kuomba kadi mpya. Nenda kwa meneja wa tawi, mweleze hali ya mgonjwa, umuulize watamhudumiaje mteja asiyeweza kupanda ngazi. Baba anaweza pia kusaini, au kuweka dole gumba, kwenye hati ya uwakilishi mbele ya wakili, itaje wazi nani atatoa fedha na kwa matumizi gani. Kama akili imeshapotea, hati hiyo haina maana tena, maana huwezi kumpa mtu madaraka kwa mkono usiojua unachosaini. Hapo ni mahakamani. Wakili akiwa ghali, waone wasaidizi wa kisheria au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo ni bure, uko kwenye sheria ya mwaka 2017.

Jambo la mwisho, uliza kwa upole kama kadi iko mfukoni mwa kaka kweli. Nimesikia za kutosha kuhusu kadi za wazee zilizowekwa rehani kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, pamoja na namba ya siri. Kama ndivyo, kaka yako anaona aibu, na kikao kiende kwa lugha nyingine.

*Mume wangu alikuwa koplo, amefariki. Cheti cha ndoa kinasema Yohana, jeshini aliandikwa John, na cheti cha kifo kina jina la ukoo tofauti kidogo. Kuna kijana anakaa nje ya ofisi, ananiambia nikimpa asilimia kumi atanimalizia kila kitu.*

Pole sana mama. Huyo kijana ni kishoka. Atakachokufanyia ni kubeba karatasi zako kwenda dirisha lile lile unaloweza kwenda mwenyewe, na siku ukichelewa kumlipa, vyeti vyako halisi viko kwake. Usimwachie hata nakala.

Benki ijue mapema kwamba mzee amefariki, na aliyekuwa akimlipa ajue pia. Kuendelea kutoa pensheni kwa kadi ya marehemu, hata kama ni ya kununulia unga wa watoto, kutazua deni litakalodaiwa kwenye mirathi.

Kisha ukoo ukae, uandike muhtasari wa kikao, wahudhuriaji wasaini, na uchague msimamizi wa mirathi. Muhtasari huo, cheti cha kifo cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vinakwenda mahakamani. Mirathi za kimila na za Kiislamu husikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Kama ndoa na maisha yenu vilikuwa vya kikanisa zaidi, muulize karani kabla ya kujaza fomu, usije ukaanza upya. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo humteua msimamizi. Msimamizi anakusanya na kugawa, hamiliki. Wajomba wengine wanasahau hilo siku hela inapoingia.

Kuhusu majina, msingi ni lile alilotumia kazini, maana ndilo liko kwenye jalada lake. Wakili au kamishna wa viapo atakuandalia hati ya kiapo kwamba Yohana na John ni mtu mmoja, na uambatishe chochote chenye namba yake ya jeshi. Kosa la cheti cha kifo lisahihishwe RITA kwenyewe. Na kama marehemu alikuwa na watoto kwa mama mwingine, mama yangu, wataje tangu kikaoni. Wakija na pingamizi katikati, mtasubiri wote.

*Mbukwenyi. Nilikuwa mgambo, nikapigana Kagera mpaka Uganda, nikarudi kijijini Mpwapwa 1979. Wenzangu wa jeshi wana pensheni. Mimi je?*

Shikamoo mzee. Nisikudanganye. Pensheni hufuata ajira, na mgambo aliyeitwa vitani akarudi shambani hakuwa kwenye ajira yenye pensheni. Ni jibu chungu kwa mtu aliyetembea kwa miguu umbali uliotembea wewe.

Kama ulijeruhiwa na una karatasi za hospitali za wakati ule, au nishani, peleka barua kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Matibabu ni suala jingine: Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003 inataka mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Mwenyekiti wa kijiji na afisa ustawi wa jamii ndio wanaokutambua ili upate kitambulisho. Uliza pia kuhusu TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini.

*Mume wangu ni dereva wa kampuni, miaka 38. Gari lilipinduka akiwa kazini, uti wa mgongo umeharibika, hatembei. Nimeacha biashara yangu ya mboga sokoni ili nimhudumie.*

Hapa usianzie kwenye pensheni ya uzee. Anzia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri. Aliyeumia kazini ana haki ya matibabu, fidia ya ulemavu, utengamao (kusaidiwa kurudi kujitegemea), na kuna fao ambalo wengi hawalijui: malipo kwa ajili ya mtu wa kumhudumia mgonjwa asiyejiweza. Daktari aandike wazi kwamba hawezi kula, kuoga au kugeuka bila msaada. "Anaendelea vizuri" haitakusaidia. Ajali itolewe taarifa ndani ya miezi 12, na mwajiri akizembea, nenda WCF mwenyewe.

*Kaka yangu alihamia Marekani, akatumikia jeshi la huko miaka minne kuanzia 1996. Sasa amepata kiharusi na binti yake anamuuguza. Je, kuna chochote?*

Kipo. Wizara ya wastaafu wa jeshi ya huko, VA, ina pensheni ya wenye kipato kidogo, na juu yake nyongeza iitwayo Aid and Attendance kwa anayehitaji mtu wa kumvisha, kumlisha au kumwogesha. Ugonjwa si lazima uwe umetokana na jeshi, na si lazima awe na miaka 65 kama ulemavu wake ni wa kudumu. Inatakiwa awe alitumika wakati wa vita, hata kama hakufika vitani, na kwa hesabu yao kipindi cha Ghuba kilianza Agosti 1990 na hakijafungwa.

Binti ajaze fomu 21P-527EZ, na daktari ajaze 21-2680. Kama kaka anamlipa binti kwa kumhudumia, waandike mkataba na malipo yawe ya kweli, maana gharama hizo hupunguzwa kwenye kipato chake kinapohesabiwa. Mali pia ina ukomo (mwaka 2025 ulikuwa dola 159,240, bila kuhesabu nyumba anayoishi), na VA hutazama miaka 3 nyuma, kwa hiyo asianze kugawia watoto viwanja ili aonekane maskini. Vishoka wapo hata huko: kisheria hakuna anayeruhusiwa kutoza ada kwa kuandaa ombi la kwanza.

*Uhakiki wa wastaafu umetangazwa na bibi hawezi kutoka kitandani. Tumbebe?*

Msimbebe. Kama yuko PSSSF, jaribuni kwanza kwa simu kupitia programu yao ya PSSSF Kiganjani. Ikishindikana, au kama analipwa na Hazina, pelekeni barua yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa na maelezo ya daktari, mwombe afisa aje nyumbani. Ipelekeni kabla ya siku ya mwisho, siyo baada ya malipo kusimamishwa.